Alinunua Chuo Bila Senti Mfukoni: Somo Kutoka kwa Maisha ya Daniel Payne

Maandiko ya kusoma: Yeremia 32:6-15, Zekaria 4:10, 2 Timotheo 4:13

Lengo la somo: Kuona kwamba elimu ni kazi ya Mungu, na kwamba mwanzo mdogo si sababu ya kufunga mlango.

Utangulizi



Wiki hii sianzi na ushindi, naanza na toba. Wengi wenu mnakumbuka kwamba mwaka jana tulianzisha darasa la ngumbaru hapa kanisani, kila Jumanne jioni, katika chumba cha Shule ya Jumapili. Tulianza na watu tisa. Baada ya miezi mitatu wakabaki wanne. Mimi ndiye niliyekuwa nasimamia, na kwa kuwa nilisomea biashara, nikafanya kile nilichofundishwa. Nikapiga hesabu ya tokeni za stima, chaki, vitabu na nauli ya mwalimu, nikagawanya kwa wanafunzi wanne. Nikaandikia kamati ya fedha ripoti safi ya ukurasa mmoja: gharama kwa kila mtu ni kubwa mno, heri tufunge. Kamati ikakubali bila swali. Tukafunga.

Jumanne iliyofuata nilikuwa ofisini nikimalizia mambo ya Jumapili. Nikasikia mtu anatikisa mlango wa kile chumba. Nikatoka, nikamkuta mama mmoja wa umri wa nyanya yangu, na daftari lake ndani ya mfuko wa plastiki wa mkate. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Nikamweleza kwamba darasa limesimama kwa muda. Akanitazama, akasema, "Sawa pasta. Nilikuwa nimefika kwa Yohana." Halafu akaenda zake.

Wacha niseme ukweli: jioni ile sikuhisi nimekosa. Niliona nimefanya uamuzi mgumu, kama kiongozi. Kilichonihukumu kilikuja miezi kadhaa baadaye, niliposoma habari za mtumishi mmoja wa Mungu wa karne ya 19, Daniel Alexander Payne wa Marekani. Alikuwa kasisi wa Kimethodisti, kisha askofu, na ndiye mtu mweusi wa kwanza kuwa rais wa chuo kikuu katika nchi ile. Nataka tutembee naye wiki hii, halafu tuone anatuachia kazi gani.

1. Yatima aliyekuwa na kiu

Payne alizaliwa tarehe 24 Februari 1811, katika mji wa Charleston, jimbo la South Carolina. Wakati huo watu weusi wengi wa jimbo lile walikuwa watumwa. Wazazi wake walikuwa weusi walio huru, lakini uhuru wenyewe ulikuwa mwembamba. Hukuwa mtumwa, lakini pia hukuwa raia. Baba yake alikuwa mtu wa maombi, kiongozi katika kanisa la Methodisti. Alikufa mtoto akiwa mdogo sana. Mama naye akafariki kabla Daniel hajafika miaka kumi. Akalelewa na jamaa.

Alipelekwa shule iliyoendeshwa na watu weusi walio huru kwa ajili ya mayatima, halafu akawekwa kujifunza kazi za mikono. Akajifunza useremala, na ushonaji pia. Pale kwenye karakana ndipo tunapoona kijana wa aina gani alikuwa. Anasimulia katika kitabu cha kumbukumbu zake, kilichotoka 1888, kwamba chakula alikila haraka haraka ili dakika zilizobaki asome. Kando ya kitanda aliweka jiwe la kuwashia moto na mshumaa. Saa kumi alfajiri anaamka, anawasha, anasoma hadi saa kumi na mbili, halafu anaenda kupiga randa.

Alipokuwa na miaka 18 aliokoka. Wiki chache baadaye, akiwa katika maombi, akasikia moyoni wito ulio wazi: Mungu amemtenga ajielimishe mwenyewe, ili apate kuwaelimisha watu wake. Angalia vizuri wito huo, mpendwa. Wengi wetu tukisikia mtu ameitwa, tunafikiria madhabahu na maikrofoni. Payne aliitwa kwa daftari na kitabu, na hakuona kwamba huo ni wito mdogo.

2. Shule ya dola tatu

Mwaka 1829 akafungua shule yake ya kwanza. Hapa ndipo mimi mtu wa hesabu nilipoanza kushikwa. Mchana alikuwa na watoto watatu. Usiku alikuwa na watumwa watatu, watu wazima. Kila mmoja alilipa senti 50 kwa mwezi. Piga hesabu: wanafunzi sita, dola 3 kwa mwezi. Haikutosha hata kumlisha mwalimu. Kama ningekuwa kwenye kamati yake ya fedha, ningeandika ripoti ya ukurasa mmoja.

Na kusema kweli alishindwa. Alifunga. Tajiri mmoja mwenye watumwa akamtaka aende naye visiwa vya Karibi kama mtumishi wake, na kijana akashawishika. Lakini katika mazungumzo, tajiri yule akamuuliza kama anajua tofauti kati ya bwana na mtumwa ni nini. Akamjibu mwenyewe: ni ujuzi tu, bwana anajua zaidi. Mtu yule alisema kwa majivuno, lakini Payne alilisikia kama ufunguo umeangushwa mbele yake. Akajiambia, ikiwa ni hivyo, basi nitautafuta huo ujuzi. Safari akaiacha. Mwaka 1830 akafungua shule tena.

Mara hii ikakua, hadi ikabidi apate jumba kubwa zaidi la kufundishia. Na kwa kuwa hakuna chuo ambacho kingempokea Charleston, akajifundisha mwenyewe: sarufi, jiografia, Kigiriki, Kilatini, Kifaransa, elimu ya mimea na ya wanyama. Kile anachojifunza usiku anakifundisha mchana. Alinunua wanyama na samaki ili awapasue na kuona walivyoumbwa. Aliamini kwamba kuchunguza kazi ya mikono ya Mungu ni sehemu ya ibada.

3. Nyoka, na sheria iliyofunga mlango

Siku moja aliwatuma wanafunzi wake watatu kwenye shamba moja nje ya mji, wakanunue nyoka kutoka kwa mtumwa aliyemkamata. Mwenye shamba na mwanawe wakawakuta wale vijana, wakashangaa: nyoka wa nini? Wakaanza kuwauliza maswali ya masomo. Vijana wakajibu moja baada ya jingine, na majibu yao yakawashtua. Watoto weusi wamefundishwa kiasi hiki, na nani? Payne aliona kwamba jambo lile lilichangia kuileta sheria iliyofuata.

Hali ilikuwa tayari mbaya. Mwaka 1831 kulikuwa na maasi ya watumwa jimbo la Virginia, yaliyoongozwa na Nat Turner, na wenye watumwa kote Kusini wakawa na hofu. Mtu anayeweza kusoma, waliona, ni hatari. Desemba 1834 bunge la South Carolina likapitisha sheria: hakuna kumfundisha mtumwa kusoma wala kuandika, na hakuna mtu mweusi kuendesha shule kama hiyo. Mtu mweusi huru akivunja, faini hadi dola 50 na viboko hadi 50. Sheria ianze tarehe 1 Aprili 1835.

Hebu fikiria. Una miaka 24. Umepata wito kwa Mungu mwenyewe. Umeamka saa kumi alfajiri miaka nenda miaka rudi. Halafu serikali inaandika kwenye karatasi kwamba wito wako ni kosa la jinai.

Payne hakuficha kilichompata rohoni. Aliandika wazi kwamba alianza kumwuliza Mungu maswali mazito: kama yupo, kama ni mwenye haki, mbona taifa moja linaachwa kulikanyaga jingine hivi? Akafika hata kutia shaka kama Mungu yupo. Napenda kwamba hakutuficha. Wako wapendwa kati yetu wanaodhani mtu wa imani hawezi kuuliza hivyo. Waliowahi kusoma Zaburi 73 au kitabu cha Habakuki wanajua anaweza. Kilichomshika asianguke kilikuwa ukweli ulio katika 2 Petro 3:8, kwamba hesabu ya siku kwa Mungu si kama yetu. Akaamua kungoja, huku akiendelea kutembea.

Machi 1835 ikaisha, akaifunga shule. Mwezi Mei akapanda meli kwenda New York. Alikuwa anaondoka mji aliozaliwa, na asingeuona tena kwa miaka 30.

4. Kasisi aliyetaka wahubiri wasome

Kaskazini, Walutheri walimpokea katika chuo chao cha theolojia pale Gettysburg, Pennsylvania. Macho yake yakadhoofika, akalazimika kuacha masomo. Mwaka 1839 akawekewa mikono na Walutheri, halafu mwanzoni mwa miaka ya 1840 akajiunga na kanisa la watu weusi la Kimethodisti, African Methodist Episcopal, ambalo watu hulijua kama AME. Kanisa hili lilikuwa limeundwa rasmi 1816 huko Philadelphia chini ya Richard Allen, baada ya waumini weusi kuchoka kudharauliwa katika nyumba ya Mungu.

Mwaka 1843 alitumwa kanisa moja la Washington. Kanisa halikuwa na viti vya kutosha. Mhubiri huyu mwenye Kigiriki na Kilatini akatoa zana zake za useremala, akatengeneza viti kwa mikono yake mwenyewe. Msomi wa kweli haogopi vumbi la mbao.

Mwaka huohuo akaandika barua kadhaa za kuchapishwa, akisema wahubiri wa AME lazima wasome. Lo! Wahubiri wenzake wakamrukia. Wakasema anawadharau wazee walioijenga kazi bila shule. Wakasema ataleta kiburi kanisani. Mwaka 1844, kwenye mkutano mkuu wa kanisa huko Pittsburgh, akatoa hoja kwamba kuwe na mtaala wa masomo kwa kila anayetaka kuwa mhubiri. Ikapigwa chini kwa kura nyingi. Kesho yake mzee mmoja wa kanisa akasimama akaitetea kwa maneno ya moto. Hoja ikarudishwa, ikapita.

Vita havikuisha hapo. Mwaka 1850 kanisa moja la Baltimore lilikataa kabisa kumpokea kuwa mchungaji wao. Moja ya sababu? Ati ana zulia nyumbani kwake. Nilicheka niliposoma, halafu nikanyamaza, kwa sababu hata sisi tuna mazulia yetu. Mtu akienda chuo cha Biblia miaka miwili akirudi tunasema amepoa. Akitumia neno la Kigiriki kwenye mahubiri, tunasema sasa ni kichwa, si roho.

Hapa tulie kidogo na Maandiko. Watu hupenda Matendo 4:13, ambapo wakuu waliwaona Petro na Yohana kuwa watu wasio na elimu. Ni kweli. Lakini mstari huohuo unasema walitambuliwa kuwa walikuwa pamoja na Yesu. Miaka kama mitatu miguuni pa Mwalimu mkuu kuliko wote, hiyo si shule? Paulo alikaa miguuni pa Gamalieli (Matendo 22:3). Na akiwa gerezani, kifo kiko mlangoni, anamwandikia Timotheo amletee nini? Joho, na vitabu (2 Timotheo 4:13). Mtu anayejua siku zake zimekwisha bado anataka kusoma! Roho Mtakatifu hakuona aibu kuliacha ombi hilo ndani ya Biblia.

Na sisi Wakenya tusijifanye hatujui gharama ya kutojua. Baada ya Shakahola, mwaka 2023, hakuna mchungaji nchini anayeweza kusema kwamba jinsi Neno linavyofundishwa ni jambo dogo. Watu walikufa. Sisemi cheti kinamwokoa mtu, kwa sababu kuna wenye vyeti waliopotosha pia. Nasema muumini anayejisomea Biblia yake, mwenyewe, mstari wa juu na mstari wa chini, ni vigumu zaidi kumdanganya. Hosea 4:6 inalia juu ya watu wanaoangamia kwa kukosa maarifa. Aliyeandika hivyo alikuwa nabii wa Mungu, na maumivu yake yalikuwa ya mchungaji.

5. Usiku wa dola elfu kumi

Mwaka 1852 Payne alichaguliwa kuwa askofu. Sasa tufike kwenye jambo lililonifanya niandike somo hili.

Mwaka 1856 Wamethodisti weupe wa Ohio, wakishirikiana na AME, walikuwa wamefungua chuo kwa ajili ya watu weusi karibu na mji wa Xenia. Walikiita Wilberforce, kwa heshima ya William Wilberforce, yule mbunge Mwingereza aliyepigana na biashara ya watumwa. Payne alikuwa mmoja wa wadhamini tangu mwanzo. Wanafunzi wengi walikuwa watoto ambao wenye mashamba wa Kusini waliwazaa na watumwa wao wa kike. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza 1861, karo ikakatika. Mwaka 1862 chuo kikafungwa. Majumba yakabaki matupu, na deni.

Machi 1863 wadhamini wakamwita Payne. Wanauza. Bei ni dola 10,000. Serikali ya jimbo la Ohio inayataka majumba hayo kwa matumizi yake. Kama kanisa la AME linakitaka chuo, liseme sasa. Payne akaomba muda awaulize wenzake. Wakamwambia muda hakuna, jibu linatakiwa usiku uleule.

Wale mliosoma biashara mnajua huo si mkataba wa kutia sahihi. Mnunuzi hana senti. Bidhaa ni shule ambayo imeshindwa. Soko lake ni watu ambao wengi wao bado ni watumwa, kwa maana tangazo la Rais Lincoln la kuwaweka huru watumwa wa majimbo yaliyoasi lilikuwa na miezi miwili tu, na vita bado vinawaka. Hakuna benki ingemsikiliza.

Askofu akaenda kwa Mungu. Halafu tarehe 10 Machi 1863 akasimama akasema, kwa jina la Bwana, anainunua Wilberforce kwa ajili ya kanisa la AME.

Sasa fungua Yeremia 32. Jeshi la Babeli limeuzunguka Yerusalemu. Nabii mwenyewe yuko kifungoni, katika uwanja wa walinzi. Wakati huo ndipo Mungu anamwambia anunue shamba la binamu yake kule Anathothi, shamba ambalo pengine askari wa adui wamelikalia. Na Yeremia ananunua. Anapima shekeli 17 za fedha, anatia sahihi, anaita mashahidi, anaweka hati ndani ya chombo cha udongo ili ikae siku nyingi. Kwa nini? Kwa sababu Mungu amesema nyumba na mashamba vitanunuliwa tena katika nchi ile. Imani yake ilikuwa na hati na mashahidi.

Angalia pia kwamba Payne hakuishia kwenye kutamka. Hapa nataka tuwe makini, kwa sababu siku hizi tumezoea kutamka na kwenda kulala. Alisaini, halafu akatafuta pesa. Yeye na wenzake wawili, James Shorter na John Mitchell, wakaanza kuzunguka makanisani kuomba michango ya watu maskini. Kufikia Juni malipo ya kwanza ya dola 2,500 yalikuwa yamelipwa. Shule ikafunguliwa tena mwaka huohuo, na wanafunzi walioanza walikuwa, tena, watoto sita, wa kusoma na kuandika.

Sita! Miaka 34 baada ya ile shule ya dola tatu, askofu wa kanisa zima anaanza tena na sita. Zekaria 4:10 inauliza ni nani anayeidharau siku ya mambo madogo. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Nani anayeidharau? Mimi. Nina ripoti ya ukurasa mmoja inayothibitisha.

6. Moto, na kurudi nyumbani

Usiku wa tarehe 14 Aprili 1865, Rais Lincoln alipigwa risasi mjini Washington. Siku hiyohiyo, jengo kuu la Wilberforce likachomwa moto. Watu wenye chuki walilitia kiberiti, na Payne hakuwepo. Kazi ya miaka miwili ya michango ya wajane na vibarua ikawa majivu.

Mwezi uliofuata, Mei 1865, Payne alishuka Charleston. Miaka 30 ilikuwa imepita tangu afukuzwe na sheria. Sasa sheria ile haina nguvu, utumwa umevunjika, na yeye anarudi kama askofu kuanzisha mkutano wa kanisa katika mji uleule uliomwambia kufundisha ni kosa. Ndani ya miaka michache makumi ya maelfu ya watu waliotoka utumwani walijiunga na AME huko Kusini. Yale maswali aliyomwuliza Mungu akiwa na miaka 24 hayakujibiwa kwa maneno.

Kisha akarudi Ohio kwenye majivu, akajenga upya. Alikuwa rais wa Wilberforce hadi 1876, miaka 13. Hakuwa mtu wa nguvu. Mwili wake ulikuwa mdogo na wa kuugua-ugua. Nyumbani pia alijua huzuni: mke wake wa kwanza alikufa hata mwaka wa ndoa haujaisha, na mtoto wao akafuata akiwa wa miezi tu.

Nisimfanye malaika. Payne alipenda utaratibu mno. Alipinga sana zile ibada za kuzunguka kwa duara, kupiga makofi na kurukaruka, ambazo waumini wengi waliotoka utumwani walizipenda. Nadhani akija kwetu Jumapili asubuhi wakati wa sifa, angekunja uso. Nami ningemwambia kwa heshima kwamba baba askofu, hapo hatukubaliani, Daudi alicheza mbele za Bwana. Lakini bado ningemketisha kiti cha mbele.

Mwaka 1882, akiwa na miaka 71, aliondolewa kwenye treni jimbo la Florida kwa sababu alikataa kwenda kukaa behewa la watu weusi. Mzee akashuka, akatembea kwa miguu kurudi mjini. Alifariki tarehe 2 Novemba 1893. Chuo cha Wilberforce kipo hadi leo, na kando yake chuo cha theolojia kinachobeba jina la Payne. Miaka michache baada ya kifo chake, msichana wa Afrika Kusini, Charlotte Maxeke, alisoma hapo, akarudi kwao kuwa mmoja wa wanawake weusi wa kwanza wa nchi ile kupata shahada, akajenga shule. Mbegu ya watoto sita ilivuka bahari ikafika Afrika.

Mambo matatu ya kubeba nyumbani

Kwanza, mlango ukifungwa haimaanishi wito umefutwa. Sheria iliyoanza 1835 ilifunga shule yake tu. Wito ulipanda meli ukaendelea na safari.

Pili, Mungu haanzi kuhesabu pale tunapoanzia sisi. Si dhambi kupiga hesabu; Yesu mwenyewe alizungumzia mtu anayekaa kuhesabu gharama ya mnara (Luka 14:28). Kosa langu lilikuwa kuhesabu gharama bila kuhesabu thamani. Niliandika bei ya tokeni, sikuandika kwamba mama mmoja amefika kwa Yohana.

Tatu, imani inatia sahihi, halafu inalipa. Kama ulitoa ahadi katika nyumba ya Mungu, iwe ya pesa, ya muda au ya kufundisha, usiiache hewani.

Kwa hiyo nimerudi kwa kamati ya fedha na ripoti nyingine. Darasa la ngumbaru linafunguliwa tena Jumanne ijayo, saa kumi na mbili jioni, chumba kilekile. Tokeni za miezi mitatu ya kwanza nitanunua mimi. Hilo ni deni langu. Tunahitaji walimu wawili wa kujitolea. Huhitaji cheti, unahitaji uvumilivu. Na kama una mzazi au jirani anayeficha kwamba hajui kusoma, mlete bila kumwaibisha.

Nilimtembelea yule mama Alhamisi iliyopita. Nikamwomba msamaha. Akaenda chumbani akarudi na ule mfuko wa mkate. Daftari lilikuwa bado ndani. Akaniuliza swali moja tu: "Na mara hii hamtafunga?" Sikuwa na jibu la biashara. Nikamwambia, mama, kwa jina la Bwana, hatutafunga. Sasa kanisa nisaidieni kulipa.

Maswali ya kujadili katika ushirika wa nyumbani

1. Ni mlango gani uliofungwa mbele yako, na je, uliuacha wito pamoja nao?
2. Soma Matendo 8:30-35. Filipo alimsaidiaje yule Mwethiopia? Ni nani karibu nawe anayesoma bila kuelewa, au asiyeweza kusoma kabisa?
3. Kwa nini makanisa mengine humwogopa mchungaji aliyesoma? Na kwa nini wasomi wengine humdharau mchungaji asiyesoma? Wote wanakosea wapi?
4. Je, kuna ahadi uliyotamka na bado hujaanza kuilipa?

Maombi

Baba, tusamehe pale tulipodharau mwanzo mdogo. Tupe kiu ya kukujua, na mikono ya kuwasaidia wengine wakujue. Wale wanaoona haya kwa sababu hawajui kusoma, waondolee haya hiyo, na utufanye kanisa ambalo mlango wake wakiutikisa, unafunguka. Katika jina la Yesu. Amina.